Nimepata chuo, kuchagua yuniti ndiko kwanishinda

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Kisauni hapa Mombasa. Shahada ya kwanza niliimaliza Nairobi, masuala ya kimataifa, na pembeni nikasoma Kichina kwa miaka mitatu. Nilifika HSK 4, ngazi ya nne ya mtihani wa Kichina, yaani mazungumzo ya kawaida nayamudu lakini gazeti bado lanitoa jasho. Tangu nirudi nyumbani nafanya kazi kwa ami yangu, ambaye ana ofisi ya kutoa magari bandarini Kilindini.

Juzi nimepata nafasi ya shahada ya uzamili ya Taaluma za Asia ya Mashariki katika chuo kimoja cha kaskazini mwa Uingereza. Naanza Septemba. Nusu ya ada ni ufadhili, nusu ni ami, akiba yangu na mchango wa jamaa. Mama alipika pilau, majirani wakaja, dua ikasomwa. Kisha ikaletwa fomu ya kuchagua yuniti (wao waziita moduli), na wiki mbili sasa naitazama tu.

Mpango wenyewe ni huu. Krediti ni 180 kwa mwaka. Tasnifu ni 60, mbinu za utafiti ni 30, hizo ni lazima. Zabaki 90 nijichagulie mwenyewe. Za krediti 30 ni tatu: Kusoma Matini za Kichina, Kijapani cha Ngazi ya Kati, na Uchumi na Maendeleo ya Asia ya Mashariki. Za krediti 15 ni sita: Kichina cha Kale, Historia ya Japani tangu Meiji, China na Afrika, Usalama na Diplomasia, Siasa za China, na Utamaduni wa Kisasa wa Korea. Wazo langu la kwanza lilikuwa nizichukue zote sita za 15, nionje kila sinia. Hesabu yatimia 90 sawasawa.

Lakini kila mtu ana lake. Ami asema, "Chukua China na Afrika, na uchumi. Mchina ndiye mwenye pesa sasa." Mama ataka chochote kitakachonifanya mhadhiri. Rafiki aliyesoma huko asema nichukue Korea, alama zapatikana kwa urahisi.

Mimi mwenyewe moyo uko pahali pawili. Nyumbani kwa marehemu bibi, Mji wa Kale, kuna bakuli la kauri, buluu kwa nyeupe, limekaa kwenye kidaka tangu mama hajazaliwa. Mwaka jana nililigeuza nikakuta maandishi sita ya Kichina chini yake. Nikayasoma, Mwalimu! Yasema limetengenezwa enzi ya mfalme Chenghua, wa ukoo wa Ming. Nikatafuta: enzi hiyo ni 1465 hadi 1487. Nililia. Bibi alikuwa akitutilia ubuyu ndani yake siku za Idi. Tangu hapo natamani Kichina cha Kale.

Pahali pa pili ni kazini. Gari la Japani huja na cheti cha kufutiwa usajili, kimeandikwa Kijapani. Sikukisoma Kijapani, lakini maandishi mengi ni yale yale ya Kichina, kwa hiyo ofisini mimi ndiye msomaji wa vyeti. Wao hawaandiki 2019. Huandika mwaka wa utawala wa mfalme, na mwaka huo walikuwa na wafalme wawili: mpaka tarehe 30 Aprili ni Heisei 31, kuanzia tarehe 1 Mei ni Reiwa 1. Na hapa kwetu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa halishuki, kwa hiyo kukosea mwaka mmoja ni hasara ya mtu. Siku moja muuzaji alimwambia ami Heisei 29 ni 2018. Ni 2017, nikamzuia asitume pesa. Kutoka dirishani pale naona kituo cha makontena kilichojengwa kwa mkopo wa Japani, na nyuma yangu zapita treni za mizigo za reli ya Mchina. Huwa najiuliza: hawa wawili, nani amekuja kwa sababu ya nani? Kwa nini deni la reli kila mtu alipigia kelele na la bandari hata dereva wa tuktuk halijui? Na je, wao wenyewe kwao huandika nini juu yetu?

La mwisho naona haya kulisema. Naogopa darasa la China na Afrika. Naogopa kuwa "Mwafrika wa darasa", kila jambo nigeuziwe uso kana kwamba nimetumwa na bara zima. Lakini nikilikwepa si nimekimbia?

Na koti la baridi ninunue wapi, hapa au huko?

Mwenye Fomu Tupu, Kisauni

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera. Hiyo pilau ningeijua mapema ningekuja.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Korea umeipa sentensi moja, nayo ni maneno ya rafiki yako, si yako. Siasa za China umezitaja jina ukapita. Bakuli umeliandikia aya nzuri, nami koo ilinikaba kwenye ubuyu, lakini ukiitazama tena utaona aya hiyo ni ya bibi yako, Mungu amrehemu. Maswali ndani yake hamna. Aya ya cheti ina maswali matatu, moja kwa moja, hukupumzika. Mimi nimesimamia tasnifu nyingi, na wanafunzi wengi huja kwangu na mada: "Mwalimu, nataka kuandika juu ya China." Swali huwa hawana. Wewe unayo matatu, na umeyaficha katikati ya barua kana kwamba ni porojo za ofisini.

Kwa hiyo fomu hiyo ianzie chini. Usijiulize kwanza yuniti gani tamu. Andika kwenye karatasi nyingine: "Japani na China katika bandari ya Mombasa: nani amemfuata nani, na kila mmoja anasema nini kwao?" Hilo litapunguzwa baadaye, msimamizi atalikata mikono na miguu, usihuzunike. Kisha ipitie orodha, na kila yuniti iulize: wewe utanisaidia nini kwenye swali hili?

Uingereza huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi. Tasnifu yako basi ni saa 600, na yuniti ya 15 ni saa 150, ukijumlisha vipindi, kusoma na kuandika. Ukichukua sita za 15 utakuwa na orodha sita za vitabu, walimu sita, insha sita au zaidi, zote zikigombania majuma yale yale ya Januari na Mei, na wewe bado unajifunza kuwasha jiko la watu. Mimi nilikwenda kusoma ng'ambo kijana, nikafanya hivyo hivyo ulivyotaka, nikaonja kila sinia. Mwezi wa sita msimamizi akaniuliza swali langu ni lipi. Nikamtajia mada tano. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, hakusema kitu. Wiki tano za kiangazi zilikwenda kwa kutafuta nilichokuja kutafuta.

Sasa lugha. Kusoma Matini za Kichina, krediti 30, ndiyo ya kwanza kuweka tiki, na sitaki mjadala. Reli imeandikwa sana hapa Kenya, kwa Kiingereza na Kiswahili, tangu kabla ya Mei 2017 ilipozinduliwa. Tunajua sehemu kubwa ya pesa ilitoka benki ya Exim ya China. Tunajua kelele zetu wenyewe. Ambacho wasomi wetu wachache mno wanaweza kufanya ni kukaa na makala ambayo mhandisi au profesa wa Beijing amewaandikia Wachina wenzake, si sisi, na kuisoma mpaka mwisho. Swali lako la tatu halijibiki bila hilo. HSK 4 kwa mfumo uliozoeleka ni maneno 1,200 hivi. Hayo ya kununulia mboga yanatosha, ya kusomea ripoti hayatoshi. Saa 300 za kusoma chini ya mwalimu ndizo zitakazokuvusha, na hapa Mombasa hutazipata kwa bei yoyote.

Kijapani je? Najua kinakuita. Lakini ngazi ya kati si pahali pako, na huenda wakakupa mtihani wa kukupima wiki ya kwanza ukaaibika bure. Wewe unasoma maandishi ya Kichina yaliyoazimwa na Mjapani. Vitenzi vyake, viambishi vyake, ile minyororo yake ya hiragana, herufi zake za silabi, huna. Na maandishi yaleyale yana mitego. Neno 汽車, Mchina akiliona anaona gari. Mjapani akiliona anaona treni, tena ile ya zamani ya moshi. Mtu wa Kilindini hahitaji kuelezwa zaidi, maana magari tumeletewa na Mjapani na treni na Mchina, na kwenye neno wamebadilishana.

Usikiache kabisa lakini. Anza mwenyewe sasa hivi, miezi hii iliyobaki, hiragana na dada yake katakana, kisha huko uombe kukaa kwenye darasa la wanaoanza bila kufanya mtihani. Mswahili ana bahati kwa Kijapani ambayo Mwingereza hana: vokali ni zetu zile zile tano, a, e, i, o, u, na silabi nyingi zinaishia kwa vokali. Yokohama, Nagasaki, Toyota, hata mtoto wa chekechea pale Kisauni anayatamka bila kufundishwa. Na maneno ya Kichina ndani ya Kijapani usiyaone ya ajabu. Yamekaa kama Kiarabu kilivyokaa kwetu: ukitaka kusema jambo la shule au la serikali huwezi bila kitabu, elimu, sheria na hesabu, na hakuna anayekuambia huongei Kiswahili.

Ya pili ni Uchumi na Maendeleo, krediti 30. Hapa ami yako amepatia, ingawa kwa sababu isiyo yangu. Yeye anaona pesa. Mimi naona kwamba bila yuniti hiyo hutaelewa kwa nini Japani na China hukopesha namna wanavyokopesha. Wote wawili wanapenda barabara, reli, bandari na umeme, vitu vya saruji na chuma, kwa sababu wenyewe waliinuka hivyo. Japani ilipokuwa inajijenga baada ya vita ilikopa Benki ya Dunia, na reli yake ya mwendo kasi ya mwaka 1964, ile Shinkansen, ilikuwa na mkopo huo ndani yake. Ukilijua hilo, kituo cha makontena unachokiona dirishani kitakuwa na sura nyingine.

Tena kuna jambo ndani ya somo hilo litakalokugusa kama mtu wa Pwani. Umewasikia wanasiasa wetu, kila kampeni, wakisema mwaka 1963 Kenya na Korea Kusini zilikuwa sawa, kisha wenzetu wakafanya bidii. Bidii! Ukisoma utakuta kabla ya viwanda na kabla ya Jenerali Park Chung-hee kuchukua nchi mwaka 1961, Korea Kusini ilikuwa imeshapitisha sheria ya kugawa mashamba, mwaka 1949 na 1950. Japani iligawa chini ya Wamarekani kuanzia 1946. Taiwan ikamalizia 1953. Mabwana shamba walinyang'anywa ardhi kwa fidia ndogo, wakapewa wanaolima. Si kwa wema tu, maana waliogopa Wakomunisti wasije wakagawa wao. Lakini walipewa. Sasa toka Kisauni uende Kilifi, uwahesabu watu wanaoishi juu ya ardhi ya bwana asiyewahi kuonekana, wasio na hati, tangu babu zao. Halafu uniambie habari za bidii. Mimi hili nililisoma nikiwa na miaka thelathini na nilikasirika wiki nzima, na naamini nawe utakasirika, na hasira hiyo utaipeleka kwenye insha yako ya kwanza, na itakuwa insha nzuri.

Zimebaki krediti 30, yaani mbili za 15. Historia ya Japani tangu Meiji, na Usalama na Diplomasia.

Historia kwa sababu Japani ndiyo upande wako dhaifu. Unajua vyeti vyake lakini hujui imefikaje hapo: 1868, mwanzo wa enzi ya Meiji, watawala wapya wanaoamua kuiga mataifa ya Magharibi ili wasimezwe nayo, 1895 wanachukua Taiwan, 1910 wanaimeza Korea, 1945 wanapoteza vyote. Ukishayajua hayo ndipo utaelewa kwa nini Japani ya leo hupendelea kwenda kimyakimya, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, au sehemu yake. Silijui lote. Ningelijua ningeandika mwenyewe.

Diplomasia kwa sababu ya swali la kwanza, nani amekuja kwa sababu ya nani. Japani ilianzisha mkutano wake na Afrika, TICAD, mwaka 1993. China ikaanzisha wake, FOCAC, mwaka 2000. Mwaka 2016 TICAD ilifanyika Nairobi, mara ya kwanza kutoka nje ya Japani, na hapo ndipo Waziri Mkuu Shinzo Abe aliposema hadharani habari ya bahari mbili huru na wazi, Hindi na Pasifiki. Wasomi wa usalama dunia nzima hunukuu hotuba ile. Sisi tunakumbuka barabara zilizofungwa. Mwaka huohuo awamu ya kwanza ya kituo chako cha makontena ikakamilika. Mwaka uliofuata reli ikazinduliwa Miritini. Hizo ni tarehe tu, hazithibitishi kitu, na ukiandika kwamba zinathibitisha nitakukata alama nikiwa hukuhuku. Lakini ndizo za kuanzia kuchimba.

Sasa China na Afrika. Wenzangu watanipinga, ila ushauri wangu ni usiichukue kwa krediti. Vitabu vyake ndivyo utakavyovisoma kwa tasnifu hata hivyo. Utavisoma kiangazi chote mpaka uvichoke. Ya nini kulipia mara mbili, na pesa yenyewe nusu ni ya ami? Nunua kile ambacho huwezi kujipatia peke yako, na hicho ni Japani na ni lugha. Ila ukikuta mwalimu wa yuniti hiyo ndiye anayeweza kusimamia tasnifu yako, na hakuna mwingine, basi geuza: chukua yake, acha Diplomasia. Msimamizi anayekujua tangu muhula wa kwanza ana faida kuliko yuniti yoyote. Waandikie sasa uulize ni walimu gani watakuwa likizo ya utafiti mwaka ujao, maana yuniti iliyoko kwenye orodha huenda isifundishwe kabisa mwalimu wake akiwa hayupo. Uliza pia ni lini mwisho wa kubadilisha. Vyuo vingi vya huko huacha mlango wazi majuma ya kwanza.

Na hofu yako ya kuwa Mwafrika wa darasa, usione haya kuisema. Ni ya kweli, nami niliishi nayo. Utaulizwa. Hata ukichukua Historia ya Japani, siku moja mtu atakuuliza Waafrika wanaonaje. Mimi nilizoea kujibu kwa niaba ya bara zima, kwa sauti nzito, huku sijawahi kufika hata Lamu. Ni ujinga wa ujana. Wewe jibu kwa kipimo cha unachokijua. "Waafrika wanaonaje, siwezi kukujibu. Bandarini Mombasa tunaona hivi." Kisha watolee Heisei 31 na Reiwa 1. Wallahi, darasani mule kutakuwa na watu walioishi Tokyo ambao hawajawahi kufikiri kwamba kuna mtu Afrika ya Mashariki anayehesabu miaka ya mfalme wa Japani ili mteja asipoteze gari. Hapo utasikilizwa kama mtu mwenye kazi yake, na ni tofauti kubwa. Kuliacha darasa kwa kuwa una la maana zaidi la kufanya si kukimbia. Ungelikwepa ili usionekane, hapo ningekugombeza.

Nirudi kwenye bakuli, maana najua umeruka mistari ukilitafuta.

Mwanangu, usilie tena mpaka lipitiwe na mjuzi. Wafinyanzi wa China walikuwa na desturi ya kuandika enzi ya mfalme wa zamani chini ya chombo kipya, kwa heshima au kwa biashara, na Chenghua ndiye aliyependwa kuliko wote. Vyombo vingi vilivyochomwa enzi ya Kangxi, baada ya 1661, vina jina la Chenghua chini. Kwa hiyo bakuli la bibi laweza kuwa la miaka mia mbili na zaidi baadaye kuliko linavyosema lenyewe, na laweza kuwa la juzi. Lifunge vizuri kwa kanga, ulipeleke Fort Jesus. Pale wana kauri za kulinganishia, zikiwemo zilizotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa kuanzia 1977. Na jirani usimwambie kitu kabla.

Likiwa la karne yoyote, lilipanda meli, likavuka bahari, likafika kwenye kidaka cha nyumba ya Mswahili. Hilo halibadiliki. Hata hivyo Kichina cha Kale kwa krediti 15 hakikufikishi popote. Ni lugha nyingine, kama mtu anayejua Kiswahili cha redioni akabidhiwe utenzi wa karne ya kumi na nane ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Saa 150 zitakuonjesha sarufi tu. Ukikuta kipindi chake hakigongani na vyako, omba ukae nyuma usikilize. Mwalimu mzuri atakusomesha habari ya yule twiga wa Malindi aliyepelekwa kwa mfalme Yongle mwaka 1415, wakamwita qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao. Mchina wa leo ameliacha jina hilo kwa twiga, anamwita paa mwenye shingo ndefu. Lakini Mjapani mpaka leo twiga kwake ni kirin, na Mkorea girin. Nafurahi kila nikilikumbuka hilo.

Korea nimekwisha kuigusa kwenye mashamba. Tamthilia waachie wadogo zako.

Hesabu basi: Matini za Kichina 30, Uchumi 30, Historia ya Japani 15, Diplomasia 15. Tisini.

Lililo gumu si fomu, ni ami. Yeye ametoa pesa, na mtu aliyetoa pesa ana haki ya kusikilizwa, lakini kusikilizwa si kutiiwa yuniti kwa yuniti. Usimpelekee orodha kwa simu wala kwa wasapu. Nenda ofisini jioni, gari la mwisho likishatoka, umkute ametulia na kahawa yake. Mwambie uchumi umechukua kama alivyosema, hiyo ni kweli na itamfurahisha. Kisha usimtetee Japani kwa maneno ya chuo. Mkumbushe Heisei 29 na pesa zake zilizookoka. Halafu muulize: "Ami, katika miaka yako yote hapa bandarini, ni jambo gani la hawa Wajapani na Wachina hujawahi kulielewa?" Uwe na daftari. Mtu aliyetoa magari tangu wewe hujazaliwa amekaa na maswali ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kumuuliza, na baadhi yatakuwa bora kuliko yangu na yako. Akishakupa swali moja likaingia kwenye tasnifu, hutasikia tena habari ya China na Afrika. Atakuwa anawaambia wenzake pale Kilindini kwamba utafiti ni wake.

Mama mwambie uhadhiri unawezekana kwa njia hii, tena wahadhiri wa Kenya wanaosoma Kichina na kuijua Japani ni wachache. Atatosheka.

Koti nunua Kongowea, kwenye mitumba, asubuhi na mapema siku wanayofungua marobota, kabla wachuuzi hawajachagua. Chagua lenye kofia, lifike magotini, na ulijaribu juu ya sweta, usilijaribu juu ya dera. Huko utalipa mara kumi kwa lile lile, na yamkini lilitoka kwao.